Asubuhi za Baba Mkwe

Mwanangu analala kwenye kiti cha mashine. Mara mbili kwa wiki tunateremka Meru mjini asafishwe damu, na kabla muuguzi hajamaliza kumfunga ile mipira, ameshaanza kukoroma. Nyumbani usiku hashikiki. Anazunguka sebuleni, anafungua redio, anaifunga, anajikuna mgongo kwenye fremu ya mlango, halafu anakuja kuniuliza kama kumekucha. Nilimlalamikia muuguzi kwamba kijana huyu ananimaliza. Kijana mwenyewe ana wajukuu.

Muuguzi akacheka. "Shosho, hiyo ni kawaida ya hawa watu wetu. Figo zikifa, hata saa ya mwili inapotea. Mchana wanasinzia, usiku wako macho kodo. Usimgombeze, si tabia."

Akanitazama usoni, akaniuliza kama na mimi naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani. Maneno mafupi namna hiyo, msichana anayasema huku akibandika plasta, na mimi niliyahitaji miaka ya Emajensi, serikali ya wazungu ilipokuwa ikipigana na watu wa msituni, nikiwa mke mdogo, nikiwa nalinda mlango wa kibanda baba mkwe asitoke akapigwa risasi.

Mimi ni mzaliwa wa Embu. Niliolewa Meru, huku juu ya Githongo, na tangu siku ya kwanza sikuelewa kitu. Kwetu mlima ulikuwa kaskazini, ukiamka unauona upande ule ule. Huku jua linatua nyuma yake. Kwa msimu mzima nilikuwa nikitoka nje nasimama kama mtu aliyepotea, najiuliza asubuhi iko wapi. Wake wenzangu wa ukoo walinicheka, pamoja na Kiembu changu, na mume wangu alikuwa akinigeuza mabega kwa mikono yake na kunielekeza: pale linachomoza, pale linazama. Kisha ukaja msako, askari wakamkuta akipalilia kahawa, wakamchukua kizuizini, na nikabaki na baba yake.

Baadaye kidogo nyumba zetu zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, na sisi tukaamriwa tukajenge kijijini. Nasema kijiji kwa sababu ndivyo walivyokiita. Vilikuwa vibanda vilivyopangwa mistari, vikazungushiwa handaki, na ndani ya handaki mianzi iliyochongwa ncha. Kulikuwa na daraja moja la mbao, likivutwa juu kila jioni, na mnara wa homgadi karibu nalo. Homgadi walikuwa watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali. Jua likizama ni kafyu, na anayeonekana nje anapigwa risasi kwanza, maswali baadaye.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima mtu alijue. Mke wa mtoto humheshimu baba mkwe kwa mbali. Haingii anapolala, hamwoni akiwa amelala, hamgusi, halitaji jina lake. Zamani halikuwa jambo gumu, maana mzee alikuwa na nyumba yake na chakula alipelekewa. Kijijini tulipewa kibanda kimoja. Mkwe wangu na mimi tulikitazama kile kibanda, halafu kila mmoja akatazama kwingine. Dada yake, shangazi wa mume wangu, aliyekuwa akiishi mstari wa chini, ndiye aliyekuja na magunia ya kahawa akayatundika katikati. Heshima yetu yote ilibaki kwenye yale magunia.

Ugonjwa ulianza na usingizi, ndiyo maana hakuna aliyejua kuwa ni ugonjwa. Wazee walipewa kazi ya kuchonga mianzi ya handaki. Mkwe wangu alikuwa akilala na panga mkononi. Alilala akiwa ameketi, alilala akitafuna, alilala katikati ya neno lake mwenyewe, na alipozinduka aliendelea na neno jingine kabisa. Asubuhi filimbi ya kuhesabiwa ilipolia, yeye ndiyo kwanza alikuwa akikoroma. Nimwamshe vipi mtu nisiyeruhusiwa kumwona amelala wala kumgusa? Nilichukua sufuria na mchi nikagonga upande wangu wa gunia, nikagonga mpaka majirani wakanitukana. Hatimaye nasikia kikohozi chake, halafu: "Nimesikia, mwanangu. Nimesikia." Ndiyo ilikuwa saa yetu.

Mkubwa wa homgadi alikuwa mtu wa kilima chetu. Alikuwa amekula nyumbani kwa mzee mara nyingi kabla ya kupewa koti lile na bunduki. Siku moja alisimama juu yake pale kwenye mianzi, akamgusa bega kwa kiatu.

"Mzee, wewe nalala mchana kama fisi. Fisi nalala mchana sababu usiku iko na kazi. Wewe kazi yako ya usiku ni gani?"

Alisema kwa Kiswahili makusudi, ili bwana mzungu aliyekuwa amekuja kukagua asikie. Watu wote tuliinamisha vichwa tukachimba. Swali lile lilikuwa na maana moja tu: unapeleka chakula kwa watu wa msituni.

Nami, niseme ukweli, nilijiuliza vilevile. Usiku nilikuwa namsikia nyuma ya gunia. Hakulala. Miguu yake ilisuguana kwenye mabua ya kitanda bila kupumzika. Alijikuna kwa gunzi la mahindi, mikono, mapaja, mgongo, krrr, krrr, mpaka nikahisi kuwashwa mimi. Na alinong'ona. Alinong'ona na nani? Ukuta wake ulikuwa upande wa handaki. Nilizuia pumzi nikasikiliza kama kuna sauti ya pili. Wakati mwingine niliisikia, na wakati mwingine ilikuwa ni yeye mwenyewe akijijibu. Nilichanganyikiwa kabisa, maana nilimpenda mzee yule. Nililala nikiwa namwogopa na nikaamka nikimwogopea.

Halafu akavimba. Kwanza miguu, viatu vya tairi vikakataa kumwingia. Kisha uso, hasa asubuhi, macho yakawa mistari miwili. Kijijini hakuna aliyesema ni ugonjwa. Kiapo ndicho huvimbisha, kila mtu alilijua hilo tangu utoto: ukila kiapo na kukivunja, au ukaapa kwa uongo, mwili wako utajaa mpaka upasuke. Na mkwe wangu alikuwa amesimama mbele ya baraza akaapa kwamba hajala kiapo cha msituni. Sasa miguu yake ilikuwa imetoka kutoa ushahidi. Waliomwamini waliacha kumsalimia kwa mkono. Waliokuwa upande wa msitu walisema amewasaliti wenzake, na waliokuwa upande wa serikali walisema ameidanganya serikali. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba ana hatia. Hakuna kingine walichokubaliana miaka ile.

Shangazi hakuwa mtu wa kunung'unika. Alienda kwa mkubwa wa homgadi akamwambia, "Kama ni kiapo, atakufa na utakuwa umeshinda. Kama si kiapo, utakuwa umeua mtu aliyekulisha. Nipe ruhusa nimpeleke hospitali." Akapewa. Tulimpeleka kwenye hospitali ya misheni juu ya lori la mahindi, shangazi akimshikilia na mimi nikibeba kikapu huku nimegeukia nyuma.

Daktari mzungu alimbonyeza muundi kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale baada ya kidole kuondoka. Alinusa pumzi yake. Alimwuliza kuhusu mkojo, mkalimani akaona haya kutafsiri mbele yangu, nikatoka nje. Niliporudi, shangazi alinieleza: mafigo yamechoka, uchafu unabaki kwenye damu, asile chumvi, dawa ya kuponya haipo. Hakuna aliyemwuliza kuhusu usingizi, na sisi hatukusema. Tungesemaje? Kulala ni ugonjwa? Nilirudi na majibu ya miguu peke yake. Ya usiku nilibaki nayo vilevile.

Ndipo alipoanza kutoka.

Ilikuwa majira ya ukungu, mwezi wa saba, ambapo hata mtu mzima wa afya hajui ni saa ngapi. Nilisikia gunia likisogezwa nikaketi. Alikuwa amevaa blanketi lake, ameshika kibuyu cha maziwa.

"Mwanangu, kumekucha. Naenda kukamua."

Nje kulikuwa giza totoro. Ng'ombe wenyewe walikuwa wameswagwa zamani. Nilimwambia, "Baba, bado ni usiku." Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyechanganyikiwa, nami kwa kuwa nimetoka Embu nikaanza kujishuku. Alikuja mlangoni. Sikuweza kumshika mkono. Nilichoweza ni kusimama mlangoni, nikaujaza kwa mwili wangu, na yeye akasimama pale pale, maana kama mimi sikuruhusiwa kumgusa, yeye naye hangeweza kumpita mke wa mtoto wake kwa kusuguana. Alirudi nyuma, akakohoa kwa aibu, akasubiri nipishe. Nami sikupisha. Tulisimama hivyo, watu wawili wenye adabu, mpaka miguu ikaniuma.

Lakini mtu hawezi kusimama mlangoni kila usiku mpaka alfajiri. Usiku uliofuata nikabadili mbinu. Nilipolisikia gunia, niliwasha moto, nikapika uji mwepesi usio na chumvi, nikamwambia, "Baba, ng'ombe wameshakamwa. Karibu uji."

Akasimama akifikiri. "Nani amewakamua?"

"Ni mimi."

"Yule mweusi ametoa?"

"Amejaza kibuyu."

"Na yule mwenye baka? Hajakupiga teke?"

"Alijaribu, nikamfunga miguu."

Alicheka, akaketi, akanywa uji wake polepole, na tukazungumza habari za boma mpaka filimbi ya kweli ilipolia. Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila usiku nilimtengenezea asubuhi. Niliwalisha ng'ombe wale, nikawapeleka mtoni, nikawazalisha. Mwenye baka nilimpa ndama mara mbili katika msimu mmoja, mzee akashangaa sana, nikasema huenda nimehesabu vibaya. Nilikuwa mwongo mkubwa na sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile kijijini.

Mwili wangu ndio ulionilipisha. Mtu mwenye asubuhi mbili hana usiku. Nilianza kusinzia handakini nikiwa nimeegemea jembe. Niliwaamkia watu jioni, nikawaaga mchana. Siku moja nilitoka kuchota maji, nikakuta ukungu umetanda, nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikakomea, nikafunika moto kwa majivu nilale. Jirani akagonga akiuliza kama ninaumwa, maana ilikuwa saa sita mchana na watu walikuwa wakienda kula. Tulicheka sote. Alipoondoka nililia, kwa sababu nilipokuwa nikifunga ule mlango nilikuwa na hakika kabisa, na nikaona jinsi mzee naye anavyokuwa na hakika.

Kulala mchana hakukupita bila kuonekana. Wala moshi. Aliye juu ya mnara anaona mapaa yote, na paa moja tu ndilo lililokuwa likitoa moshi usiku wa manane. Siku moja, jua likikaribia kuzama, mkubwa wa homgadi akaja na vijana wake wawili.

"Mama, unapikia nani usiku?"

"Nampikia baba."

"Usiku wa manane?"

"Kwake ni asubuhi."

Niliposikia jibu langu kwa masikio yangu nilijua limenimaliza. Nilijaribu kueleza: mafigo, ng'ombe, uji, yule mwenye baka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo lilivyozidi kuwa jambo la kijinga, na ukweli wa kijinga haumwokoi mtu mbele ya bunduki. Alinitazama mpaka nikanyamaza. Nikamwambia neno la mwisho, na hili nililisema kwa hasira, maana machozi yalikuwa yamekwisha.

"Ukinifunga leo, mzee atatoka. Hakuna wa kusimama mlangoni. Mtampiga risasi na kibuyu mkononi."

"Akitoka," alisema, "tutajua anakokwenda."

Wakanifungia katika chumba cha mbao chini ya mnara. Daraja likavutwa. Shangazi, kule mstari wa chini, hakuwa na habari, na hata angekuwa nayo hangeweza kuvuka kafyu. Niliketi sakafuni nikajaribu kukisia ni saa ngapi. Mimi niliyekuwa nimeamka usiku wote wa majira yale, usiku ule sikuweza kuujua. Nilihesabu uji kichwani: sasa angekuwa anajikuna, sasa nasikia gunia, sasa nawasha moto. Nilipofika kwenye moto, nikamsikia.

Alikuwa akiwaita ng'ombe kwa ulimi, ule mlio wa wakamuaji. Alikuwa akija kuelekea darajani katikati ya mstari wa vibanda, waziwazi, akiburuta ile miguu. Alipofika chini ya mnara akasalimia kwa sauti kubwa, kama mtu mwenye adabu anayepita kwa watu asubuhi.

"Mmeamkaje huko juu?"

Bunduki ikakokiwa juu ya kichwa changu. Niliusikia ule mlio kupitia mbao.

"Simama!"

"Nimesimama. Nishushieni daraja, ng'ombe wanalia."

Niliweka mdomo kwenye mwanya wa mbao nikapiga kelele ambazo sijawahi kupiga tena, hata nilipokuwa nikijifungua. "Baba! Wameshakamwa! Baba, nimewakamua mimi!"

Kisha sauti yake, ikinitafuta gizani. "Wote?"

"Wote, Baba."

"Hata mwenye baka?"

"Hata mwenye baka. Rudi nyumbani. Uji uko mekoni."

Alifikiri. Hakuna aliyefyatua. "Basi vizuri," akasema. "Umefanya vizuri." Akageuka. Mkubwa wa homgadi alikuwa ameshuka na kurunzi, na badala ya kumshika akammulikia njia. Kupitia mwanya niliona ule mwanga ukifuata nyayo zile zilizovimba, taratibu, mpaka mlangoni kwetu. Kibuyu kilikuwa kikining'inia mkononi mwake, kitupu.

Filimbi ilipolia alinifungulia mwenyewe. Hakuomba radhi, na sikuitarajia. Aliniuliza tu, "Ni kila usiku?"

"Kila usiku."

Alijikuna shavu. "Nenda."

Nilikimbia. Mlango ulikuwa umeegeshwa, moto ulikuwa umekufa. Nyuma ya gunia hapakuwa na sauti. Hapakuwa na krrr, krrr ya gunzi, wala miguu haikusugua mabua. Nilisimama na sufuria mkononi, nikiwa tayari kugonga ili aende kuhesabiwa, na nikauelewa ule ukimya: amelala. Alirudi usiku akalala usiku, kama watu wote. Kitu kilikuwa kimerudi mahali pake. Niliiweka sufuria chini polepole isigonge jiwe.

Kwenye hesabu nilimwendea mkubwa wa homgadi nikamwambia, "Leo amelala usiku. Nakuomba usimwite." Akasema, "Mwache alale." Ndilo neno jema pekee nililolisikia kinywani mwake miaka ile yote.

Nilirudi nikaulinda ule usingizi. Sikupika, ili kuni zisipasuke. Wanawake waliokuja kutwanga karibu na ukuta wetu niliwahamisha, mmoja akakasirika, nikamwambia akasirike kwa sauti ndogo. Kuku wa jirani nilimfukuza kwa kanga bila kusema shii. Ukungu ulikuwa umeondoka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, na niliketi kizingitini juani, nikautazama mlima, nikajua bila kuelekezwa jua litazama wapi. Nilikuwa na raha. Nilisinzia, nikaamka, nikasikiliza, kimya, nikafurahi tena.

Alasiri akaja shangazi. Alikuwa ameshasikia mambo ya usiku. Niliweka kidole mdomoni nikamwonyesha gunia. Yeye ni dada yake, yeye aliruhusiwa. Akaingia. Alikaa huko muda, na mimi nikawa nawaza uji wa jioni, jioni ya kweli.

Alipotoka, aliniuliza, "Umenyamaza hivi tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Akainama, akaokota sufuria na mchi, akaniwekea mikononi. "Gonga upendavyo, mwanangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya chini hata kidogo. "Na ukitaka kuingia, ingia."

Nikamwambia ashushe sauti, atamwamsha.